Mwalimu na Jiwe la Wasiorudi

Mwalimu wetu hakuitikia shikamoo ya mtu anayetembea. Ilibidi usimame kwanza, utue ulichobeba, ndipo usalimu. Akishasema marahaba alikuuliza jina lako, la baba yako na la babu yako, hata kama alikufundisha tangu darasa la kwanza na juzi tu alikula kwenu. Utotoni tulidhani ana usahaulifu, tukawa tunakatiza kwenye mashamba ya watu ili tusikutane naye. Nilipokua ndipo nilipong'amua kwamba ni sisi aliotaka tusisahau.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alivaa kanga juu ya gauni na viatu vya kamba mwaka mzima, hata kwenye tope la masika ambapo sisi wote tulitembea peku. Alikuja kijijini kwetu, kati ya Kilosa mjini na Mvumi, kushika nafasi ya mwalimu aliyekuwa mgonjwa, akabaki. Alikotoka hakusema sana, nasi hatukuuliza sana. Kijiji chetu si cha kuulizana hivyo. Wengi wetu ni wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge, au wa vibarua waliotandika reli. Wazee wakigombana nyumbani jioni, utasikia Kingoni nyumba hii, Kinyamwezi nyumba ile, na Kisagara ng'ambo ya barabara. Msikiti na kanisa vinatazamana, na bomba la maji ni moja.

Alifundisha hesabu na historia. Hesabu aliifundisha kama mtu anayefukuza nguruwe shambani, kwa haraka na kelele. Historia aliifundisha polepole, akiwa amekaa juu ya meza, miguu ikining'inia, jambo ambalo mwalimu mwingine yeyote angeliona ni utovu wa adabu.

Siku tulipofika kwenye vita vya dunia alifunga kitabu. "Nani kwao kuna mtu aliyekwenda vitani asirudi?"

Mikono ilinyooshwa, mingi kuliko nilivyotarajia. Wangu niliuacha chini. Kwetu alikuwepo mtu kama huyo, babu wa mama yangu, jina lake Salehe Mkude. Mjerumani na Mwingereza walipopigana katika nchi yetu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akafia njiani upande wa kusini, mzigo ukiwa kichwani. Habari zake zilisemwa kwa sauti ya chini. Mjomba wangu, akishakunywa, alikuwa na maneno yake: "Wenzetu wana babu zao askari. Wetu alikufa kama punda."

Mwalimu aliniona. "Na wewe? Kwenu je?"

"Kwetu hakuna askari, Mwalimu. Kulikuwa na mpagazi tu, Salehe Mkude."

Darasa likacheka. Aliyecheka zaidi ni kijana mkubwa wa dawati la nyuma, mwenye mabega ya kiume tayari. Mwalimu hakumgombeza. Alitutoa nje sote, akaenda kwenye stoo ya shule ambamo mahindi ya chakula chetu cha mchana yalihifadhiwa, akatoa gunia, akamtwisha yule kijana kichwani.

"Nenda nalo mpaka stesheni, urudi."

Hakufika hata kwenye makutano ya reli. Tulimwona akiyumba, akilitua, akilibeba tena, akilitua tena. Akakaa juu yake.

"Huyu amekunywa uji asubuhi," Mwalimu akatuambia. "Barabara ni tambarare. Hakuna mvua, hana homa, hakuna anayempiga risasi, hakuna anayemchapa kiboko akisimama. Babu yake mwenzenu alibeba hivyo miezi kwa miezi, amebeba unga ambao yeye mwenyewe haruhusiwi kuula. Bunduki haina miguu. Kila ilikofika ilifikishwa na mtu kama Salehe Mkude. Haya, nani bado anataka kucheka?"

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Nilimweleza, akasimamisha ungo mikononi.

"Mwalimu amesema hivyo? Mbele ya watoto wote?"

"Amesema hivyo, mama."

"Na jina akalitaja?"

"Akalitaja lote."

Alinifanya nirudie tangu mwanzo. Kisha akaendelea kupepeta. Usiku ule tulikula kuku, na haikuwa sikukuu.

Likizo zake Mwalimu alizimaliza kwa miguu. Alishika mwavuli mweusi, wa jua na wa mvua, akaenda nyumba kwa nyumba, Mvumi, Kilangali, mpaka Msowero, akiuliza habari za waliokwenda vitani. Alianza kwa wazee wa kiume, akawaacha. "Wanaume wanakumbuka milio ya mizinga," aliniambia nilipokuwa mtu mzima. "Majina wanayo wanawake." Kwa hiyo aliketi majikoni. Alimenya mihogo ya watu, akachambua mchicha wa watu, akapokea watoto wachanga wa watu mapajani, na katikati ya hayo bibi fulani angesema, "Kulikuwa na mtu hapa jirani, akiitwa fulani, alikwenda na keya." Keya ndilo jina ambalo wazee waliwaita askari wa Mwingereza, na Burma, nchi ya Asia walikopelekwa katika vita vya pili, waliiita Bama. Neno hilo Bama nimelisikia likisemwa na vikongwe waliokuwa hawajavuka hata mto Mkondoa, na walilisema kama mtu anavyotaja mahali penye shimo.

Alikuwa haandiki mbele ya mtu. Alisema kalamu inawafunga watu midomo. Aliyahifadhi majina kichwani, na njiani aliyarudia kwa sauti ndogo asiyapoteze, midomo ikicheza chini ya mwavuli. Mzee wa msikiti aliwahi kuniambia kwamba yule mama, ingawa Mkristo, anasoma sana dua. Katekista naye alimsifia kwa rozari.

Mtu akimsikia hivi atadhani alipenda mambo ya jeshi. Hakuyapenda hata kidogo. Kijana akija shuleni na bunduki ya mti, aliivunja juu ya goti lake mbele ya mstari, tena bila hasira, kama mtu anayevunja kuni. Paredi ya shule aliiongoza, lakini wakifika kwenye kupiga saluti aligeuka kutazama upande mwingine. Wakati huohuo, mzee mmoja aliyerudi hai kutoka Bama akipita barabarani na fimbo yake, Mwalimu alisimama dirishani na kulinyamazisha darasa mpaka mzee apite. Nilimuuliza mara moja inakuwaje. "Mimi sisifu vita," alijibu. "Nasifu watu."

Alikuwa na mengine yasiyopatana. Alihubiri subira, kisha timu yake ikifungwa alirusha kiatu redioni. Aliweza kumsamehe mwizi wa kuku, akamnunulia na chai, lakini mtu akilikosea jina la marehemu msibani alimsahihisha jeneza likiwa bado mabegani. Sifa zake zilikuwa adimu. Mtoto akifaulu kuliko wote wilayani, alisema, "Siyo mbaya." Tulikuwa tunalilia hilo "siyo mbaya" lake.

Alipostaafu ndipo alipoanza habari ya jiwe. Alimwendea Mwenyekiti wa kijiji akamwambia kwamba kichwa chake kinazeeka, na majina yale yakizikwa pamoja naye yatakuwa yamekufa mara ya pili. Alitaka jiwe lenye majina hayo lisimame karibu na shule. Kijiji kilikubali kabla hakijajua kimekubali nini.

Ubishi ulianza kwenye vita vya kwanza. Baadhi ya watu wetu walikuwa askari wa Mjerumani, na baadhi walichukuliwa upande wa Mwingereza, na huenda walilengana bunduki katika vichaka hivihivi tunavyolima leo. Wajukuu wakaanza kuulizana nani atatangulia, na kama inafaa kuchanganywa. Mwalimu aliwasikiliza mpaka wakachoka. "Bendera zilikuwa za wenyewe," akasema. "Watu walikuwa wetu." Ikaamuliwa pasiandikwe upande wala cheo. Majina tu, na wapagazi humohumo kati ya askari.

Kisha akasimama Mzee Malimi.

Huyu alikuwa mfugaji aliyehamia kwetu na familia yake kutoka kanda ya ziwa. Wenzake wengi walikuwa Msowero, wachache walikaa kwetu, na uhusiano haukuwa mzuri. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu zaidi ya msimu mmoja. Mkutanoni alikaa karibu na mlango, na aliposimama alivua kofia.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Babu yangu mzaa mama, Nkwabi, alikwenda Bama na keya. Hakurudi. Kaburi hatuna. Na sasa hata kule kwetu alikotokea hatupo tena, tuko hapa. Je, jiwe hili lina nafasi?"

Aliyejibu ni Mzee Mbaruku, mwashi wetu, na ndiye aliyekuwa amekubali kuchonga. Mahindi yake ndiyo yaliyoliwa zaidi. "Babu yako hakuzaliwa hapa, hakulima hapa, hakuoa hapa. Hili ni jiwe la kijiji. Leo mtaingiza jina, kesho mtasema na mashamba ni ya babu yenu."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi, Mwenyekiti akampa nafasi.

"Mzee Mbaruku, na babu yako mzaa mama, ambaye jina lake unalichonga, alizaliwa wapi?"

"Songea."

"Alikuja hapa kufanya nini?"

"Manamba. Alikata mkonge."

"Akafia wapi?"

"Mwalimu, unajua alikofia."

"Nataka uwaambie hawa."

"Bama."

"Basi," Mwalimu akasema, "huko waliko hawajaulizana kijiji." Akakaa.

Kura zilipigwa kwa mikono na Nkwabi akapita. Mzee Mbaruku alikunja mkeka wake. "Kijiji kimeamua," akasema. "Mkono wangu haujaamua."

Jiwe lenyewe lilitoka kwenye kingo za Mkondoa, na likaletwa na mkokoteni wa ng'ombe wa Mzee Malimi, kwa kuwa hakuna chombo kingine kilichoweza kufika pale. Alilileta hata hivyo, akijua kwamba Mbaruku amekataa kulichonga jina la babu yake. Mbaruku alilipokea bila kumtazama. Kwa wiki nyingi tulisikia tindo lake likigonga. Alichonga majina yote vizuri, yamenyooka kama mistari ya mpunga, na mahali pa Nkwabi akapaacha patupu. Mwenyekiti alitaka kuita mwashi kutoka Kilosa mjini amalizie. Mwalimu akakataa. Alisema jina likichongwa na mtu wa kukodi, mwashi ataondoka na ugomvi utabaki.

Siku moja alinipitia nyumbani, akaniomba nimsindikize. Tulikwenda kwa Mzee Malimi, tukamchukua mama yake, bibi mzee sana anayetembea kwa kushikwa mkono, tukamfikisha nyumbani kwa Mzee Mbaruku. Hatukwenda kwa Mbaruku mwenyewe. Tulikwenda jikoni kwa mama yake, ambaye pia ni kikongwe, amekaa kwenye kigoda anachambua mbaazi. Mwalimu alisema tu, "Bibi, nimekuletea mgeni. Baba yake naye alikwenda Bama." Akavuta ungo, akaanza kuchambua.

Mama yake Malimi alizungumza Kiswahili kidogo, kilichochanganyika na Kisukuma, na mama yake Mbaruku alikuwa hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Kwa hiyo walisema kwa sauti. Nje, ukutani, Mbaruku alikuwa ananoa tindo, na kila neno lilimfikia.

"Ulikuwa mkubwa alipoondoka?" mama yake Mbaruku aliuliza.

"Mdogo. Sura yake siijui. Nakumbuka mgongo. Alikuwa ananibeba mgongoni."

"Mama yako akaolewa tena?"

"Akakataa. Kila jioni alimpakulia chakula. Anafunika, anaweka pembeni. Anasema, akija usiku atakuta nini?"

Kikongwe yule aliacha mbaazi. "Kila jioni?"

"Kila jioni. Asubuhi sisi watoto tunagombea kile kiporo."

Mama yake Mbaruku alianza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na sisi! Na sisi pia! Tulikuwa tunakiita ugali wa baba. Kaka yangu alikuwa anaamka mapema ili atuwahi!" Akamshika mwenzake mkono. "Kumbe hata kwenu! Mimi nilijua ni mama yangu peke yake aliyekuwa hivyo. Watu walikuwa wanamwita mwehu."

"Na mama yangu walimwita hivyo."

Waliendelea hivyo mchana kutwa. Huko nje kunoa kulikuwa kumekoma, lakini Mbaruku hakuingia ndani. Tulipoondoka alikuwa amekaa na tindo mapajani, akaitikia kwaheri yetu kwa kutikisa kichwa.

Kesho yake jioni jina la Nkwabi lilikuwa pale, na herufi zake ni kubwa kidogo kuliko za wengine. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini. "Wasije wakasema nilimbana," Mbaruku akajibu.

Jiwe tulilizindua Siku ya Mashujaa, asubuhi, kukiwa na ubaridi. Alikuja mgeni kutoka ofisi ya wilaya, akasoma hotuba nzuri, na ndani yake akasema kwamba mashujaa hawa walikwenda kwa furaha kuipigania nchi yao. Mwalimu alipopewa nafasi alimshukuru, kisha akasema kwa upole kwamba wengi hawakwenda kwa furaha. Walipelekwa. Na nchi haikuwa yao wakati huo. "Lakini walipofika huko walisimama, na waliobeba walibeba, na hawakuwaacha wenzao. Hilo ndilo tunaloringa nalo leo. Hatuhitaji kuliongezea chumvi." Yule mgeni alikuwa muungwana, alipiga makofi kabla yetu.

Akayaita majina bila karatasi. Alipoita jina, ukoo wake ulisimama. Wa Mjerumani walisimama, wa Mwingereza walisimama, wa msikitini, wa kanisani. Alipomwita Nkwabi, Mzee Malimi na watu wake walisimama nyuma kabisa, na mbele kabisa akasimama mama yake Mbaruku, akishikiliwa na mwanawe. Alipomwita Salehe Mkude, kabla mama yangu hajajiinua, mjomba alikuwa amekwisha simama. Alikuwa hajagusa pombe siku hiyo. Alivua kofia, akaishika kifuani, na kidevu chake kilikuwa juu kama cha mtu anayepigwa picha. Tangu siku ile sikumsikia tena akimtaja punda.

Ng'ombe hawakuacha kuingia kwenye mahindi kwa sababu ya jiwe. Ila sasa wakiingia, Malimi humtuma mtu kwa Mbaruku siku hiyohiyo, na Mbaruku huanza kwa kuuliza hali ya bibi.

Binti yangu wa pili ni mwanajeshi. Alipopangwa kwenda nchi nyingine kulinda amani, nilikwenda kumwambia Mwalimu, nikijua atafurahi. Hakufurahi. Aliniuliza kama hawawezi kumpeleka mtu mwingine. Kisha akaona haya kwa swali lake, akaniambia, "Huyo mwingine naye ana mama," akaniacha na chai yangu, akaingia ndani. Muda wote binti alipokuwa huko hakuniuliza habari zake hata siku moja. Wakati huo ndipo macho yake yalipoanza kufifia, na mpwa wake akamchukua akakae naye Mikumi, kwenye nyumba iliyo nyuma kidogo ya barabara kuu.

Binti aliporudi, akishalala siku chache nyumbani, nilimwambia twende Mikumi tukasalimie. Tulimkuta Mwalimu barazani, kikombe mkononi, amegeuzia uso upande wa jua. Alikuwa amekonda zaidi, na viatu vyake vya kamba vilikuwa miguuni.

"Shikamoo, Mwalimu," binti yangu akasema.

"Marahaba. Sauti hii siijui."

"Ni mwanangu," nikasema. "Yule aliyekuwa amekwenda kulinda amani."

Aliweka kikombe chini, kikapinduka, hakujali. Akanyoosha mikono yote miwili. Binti alipiga magoti mbele yake, na yule mama akampapasa kichwa, uso, mabega, akashuka taratibu mpaka kwenye viganja, akavishika, akavigeuza.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mwalimu."

"Mzima?"

"Mzima."

Aliviacha vidole vyake juu ya vidole vya mwanangu. "Maisha yangu yote nimewapokea kwa majina tu," akasema. "Wewe umeniletea na mikono."

Nikadhani atalia. Badala yake aliinuka, akasukuma mkono wangu nilipotaka kumshika, akaenda akipapasa ukuta mpaka kwenye uzio wa michongoma unaotenganisha nyumba ile na ya jirani. "Mama Neema!" akaita. "Mama Neema, waite na wengine, njooni mwone! Mtoto wetu alikwenda jeshini!"

Malori ya kwenda Iringa yalikuwa yanapita kwa vishindo, na sauti yake ikamezwa. Alisubiri, mkono mmoja juu ya uzio, mpaka la mwisho lilipopita. Ndipo akaita tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo darasani:

"Amerudi!"